Tumbo lilijaa maji, kumbe ugonjwa uko moyoni

Mimi ni fundi cherehani hapa Morogoro, na ugonjwa wangu niliugundua kwa futi kamba. Sketi niliyojishonea kiuno inchi 31 iligoma kufunga. Nikajipima: 35. Wiki tatu baadaye 39, na huku mikono imekonda hata pete inavuka kidoleni yenyewe. Jioni nikitoka kwenye cherehani, alama ya kandambili inabaki imechimbika juu ya mguu mpaka usiku.

Kila mtu akasema lake. Jirani alisema ni mimba. Shangazi akasema nimetupiwa kitu, akataka twende kwa mganga. Hospitali ya kwanza wakasema ini, nikatibiwa ini miezi minne. Walininyonya maji tumboni mara mbili; siku kumi hazipiti, tumbo limerudi palepale. Pombe sijawahi kuonja, na vipimo vya homa ya ini havikuonyesha kitu, lakini hakuna aliyejiuliza maji yanatoka wapi. Bado linaniuma, maana miezi ile ndiyo moyo wangu ulikuwa unazidi kukazwa.

Daktari kijana wa hospitali nyingine hakuanza na tumbo. "Dada, hebu egemea hapo nikuangalie shingo." Akaniambia nivute pumzi. Mtu akivuta pumzi mshipa wa shingo hunywea. Wangu ukazidi kutuna. Akamwita mwenzake aje aone. Kesho yake nikafanyiwa eko, yaani ultrasaundi ya moyo, kisha vipimo vingine. Kwa hiyo wewe mwenye tumbo la maji lisiloeleweka, mwombe daktari akutazame shingo, na uulize kuhusu eko.

Ilikuwa TB. Sikuwahi kukohoa hata siku moja. Ilikuwa imeshambulia perikadiamu, ule mfuko unaofunika moyo, ukavimba kisha ukaota kovu nene. "Ni kama moyo umefungiwa ndani ya kifuu," daktari alinieleza. Hauna nafasi ya kutanuka upokee damu, basi damu inarundikana nyuma yake, kwenye ini, tumboni, miguuni.

Nikapimwa VVU, kisha nikaanza dawa za TB, ambazo ni bure: dawa nne kwa miezi 2, halafu mbili kwa miezi 4. Mkojo ukawa rangi ya chungwa. Bahati nzuri nesi alikuwa amenitahadharisha. Kilichonisumbua zaidi ni vidonge vya kutoa maji, kwa sababu huwezi kumpima mteja huku unakimbilia choo. Nikawa navinywa saa 12 asubuhi, na kibanda nafungua saa 4, haja zote zimekwisha. Chumvi nikapunguza sana. Ng'onda niliacha kabisa, na hilo lilikuwa gumu kuliko vidonge. Mchuzi nikauzoesha ndimu na tangawizi.

Nilichukua daftari la vipimo vya wateja, nikafungua ukurasa wangu. Kila asubuhi, nikitoka haja ndogo na kabla ya chai, naandika uzito na mzunguko wa tumbo, futi imepita juu ya kitovu. Kliniki, daktari alikuwa analiomba daftari kabla hajaniuliza hali.

Alisema kovu likiwa bado changa, wengine mfuko hulegea kwa dawa tu. Tulisubiri wiki 8. Daftari likasema 38, 38, 39. Hapo nikapewa rufaa kwenda Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, pale Muhimbili, kuubandua mfuko huo kwa upasuaji. Ndugu walichanga. Mama alikesha akisoma dua, nami usiku ule niliogopa kuliko nilivyowahi kuogopa maishani.

Walipasua kifua katikati. Nilipozinduka mirija ilikuwa kila mahali na maumivu makali ya mfupa, lakini nililala chali, bila mito mitatu mgongoni, kwa mara ya kwanza tangu mwaka ule uanze. Dawa za TB niliendelea nazo mpaka dozi ikaisha. Kuinua kitu kizito nilikatazwa, kwa hiyo binti yangu akawa ananibebea majora ya vitambaa, mimi nakata tu.

Ukurasa wangu unaishia inchi 32. Chini yake nimeandika vipimo vya sare za shule za watoto wa jirani.