Matundu Nane ya Maiki: Kadi ya Sauti kwa Studio ya Sebuleni

Kwa miaka minne studio yangu ilikuwa meza moja, kompyuta ya mkononi na kadi ya sauti yenye matundu mawili ya maiki. (Mafundi bado tunaiita kadi, ingawa siku hizi ni kisanduku kinachokaa juu ya meza na kuipeleka sauti ya maiki kwenye kompyuta, na ile kadi yenyewe iliyokuwa ikipachikwa ndani ya kompyuta wengi wetu hatujawahi kuishika.) Kwa mwimbaji mmoja na gitaa lake matundu mawili yalinitosha. Mambo yaligeuka pale kikundi cha taarab cha mtaani kwetu Kikwajuni, hapa Unguja, kiliponiomba niwarekodie nyimbo nne, nami kwa ujuvi nikakubali, nikidhani nitamrekodi kila mpigaji peke yake kisha nizipange sauti zote baadaye kwenye kompyuta.

Taarab haiendi hivyo. Mpiga udi humtazama mwimbaji mdomoni ili ajue ni lini atavuta neno, fidla hujibu kile kilichoimbwa punde tu, na dumbaki, ile ngoma ya mdundo, huongeza au kupunguza mwendo kwa kadiri wenzake wanavyochangamka. Baada ya wiki tatu nilikuwa na wimbo uliokwenda sawasawa na metronomu, kile kipima mwendo, na usio na uhai hata kidogo. Siku ya mwisho Maalim anayepiga ganuni (ala ya nyuzi nyingi inayolazwa mapajani) alivua hedifoni, kisha akazivua zile pete mbili anazopigia, akaziweka mezani moja baada ya nyingine, akaniuliza kwa upole, "Mwanangu, mie hapa napiga na nani?" Usiku ule ndipo nilipoanza kutafuta kadi ya chaneli nyingi, yaani inayopokea maiki nyingi kwa pamoja, kila moja kwa njia yake.

Jambo la kwanza lililonichanganya ni nambari zilizoandikwa juu ya boksi. Chukua Focusrite Scarlett 18i20: jina linaahidi njia 18 za kuingiza sauti na 20 za kuitoa, na mtu asiyeijua atadhani anaweza kuchomeka maiki 18. Ukweli ni kwamba priampu za maiki, yaani vikuza sauti vinavyoinua sauti hafifu ya maiki, ziko nane tu. Njia nyingine nane hupitia tundu la mwanga, yaani la waya unaobeba sauti kwa mwanga, na mbili zilizobaki ni za S/PDIF, njia ya kidijitali ya chaneli mbili, ambazo kwa kazi yangu sijazigusa hata siku moja. Behringer UMC1820 nayo ina hesabu hiyo hiyo. Scarlett 18i8, ambayo nambari yake ya kwanza pia ni 18, ina priampu nne. Tascam US-16x08 ina njia 16, lakini nane ni za maiki na nane ni za vifaa vyenye sauti iliyokwisha kukuzwa, kama vile kinanda au mikisa. Kwa hiyo niliacha kusoma majina, nikawa nahesabu priampu peke yake, kwa sababu maiki isiyo na priampu haitoi sauti ya kufaa kitu.

Kisha nilikaa na karatasi nikawahesabu watu. Mwimbaji maiki moja, ganuni moja, udi moja, akodiani moja, besi moja, dumbaki moja, fidla mbili zikae bega kwa bega zigawane moja, na waitikiaji watatu wasimame mbele ya moja. Jumla ni nane kamili, na kijana anayepiga rika (tari ndogo yenye visahani vya chuma) akabaki nje. Nilimkalisha karibu na dumbaki, akakubali, ingawa nilimwona hakufurahi.

Ni huyo kijana wa rika aliyenifanya nilitazame kwa makini lile tundu la mwanga ambalo mwanzoni nililidharau. Utaratibu wake huitwa ADAT, jina lililotokana na mashine za Alesis za mwanzoni mwa miaka ya 1990, zilizokuwa zikirekodi chaneli nane juu ya kanda za video za S-VHS. Mashine zimepita, waya wao wa mwanga umebaki. Waya mmoja hubeba chaneli nane ukirekodi kwa 48 kHz (yaani sauti ikipimwa mara 48,000 kwa sekunde), na nne tu ukipanda hadi 96 kHz. Ukinunua kifaa kama Behringer ADA8200, chenye priampu nane, ukakiunganisha kwa waya huo, kadi ya maiki nane inakuwa ya maiki 16 bila ya kuibadilisha. Sharti ni kwamba vifaa viwili hivyo vifuate saa ile ile ya ndani inayopanga mwendo wa vipimo hivyo vya sauti: kimoja kiongoze na kingine kifuate, la sivyo utasikia vimlio vya tik, tik katikati ya wimbo na utahangaika ukilaumu nyaya. Kwa maoni yangu, anayenunua kadi ya priampu nane isiyo na tundu hili, kama ile Tascam, awe na hakika kwamba kikundi chake hakitaongezeka mtu.

Kuhusu njia ya kuingilia kwenye kompyuta, watu hutishana bure. Chaneli nane za biti 24 kwa 48 kHz ni takriban megabiti 9.2 kwa sekunde, ilhali USB 2.0 imewekewa megabiti 480. Kinachojaa ni diski: chaneli hizo nane hula karibu megabaiti 69 kwa dakika, yaani zaidi ya gigabaiti nne kwa saa, na kikundi cha taarab hakijui kupiga dakika tatu kikanyamaza. Jambo la kuogopwa zaidi ni draiva, yaani programu inayoiwezesha kompyuta kuitumia kadi. Niliwahi kununua kwa mtu kadi kuukuu ya FireWire (njia ya zamani ya kuunganisha vifaa na kompyuta), yenye priampu nzuri sana na bei ya kutupa. Nilipofika nyumbani nikakuta kompyuta yangu haina tundu hilo, na draiva ya mwisho ya kadi ile iliandikwa zama za Windows 7. Mpaka leo naitumia kuzuia mlango usijifunge.

Hatimaye nilichukua Scarlett 18i20 ya toleo la tatu, iliyokwisha kutumika. UMC1820 ingenifaa pia na ingenibakishia fedha, lakini mimi hukaa chumbani na wapigaji hukaa sebuleni, na 18i20 ina maiki ndogo ya kuzungumzia na wapigaji pamoja na taa za kuonyesha nguvu ya sauti ya kila chaneli, ambazo naziona hata nikiwa nimesimama mlangoni. Matundu yake mawili ya mbele hupokea pia pikapu ya udi, yaani kinasa sauti kinachofungwa kwenye ala yenyewe, moja kwa moja. Kasoro yake ni kwamba volti 48 za kuendeshea maiki za kondensa huwashwa kwa mafungu ya nne nne, si chaneli moja moja, kwa hiyo ilibidi nipange kondensa zote upande mmoja kabla sijawaza nani akae wapi. Hedifoni nazo zina matundu mawili tu; nikaongeza kigawanyo kidogo cha watu wanne, Behringer HA400, na waliobaki wanasikilizana kwa masikio yao, kama walivyozoea.

Suala ambalo matangazo hayalitaji ni umeme. Kadi ndogo hunywa umeme wa kompyuta kupitia USB, lakini hii ya priampu nane lazima ichomekwe ukutani. Umeme ukikatika, kompyuta inaendelea kwa betri yake huku kadi imezimika, na kilichokuwa kikirekodiwa kinakatika pale pale. Sisi ambao tuliishi miezi mitatu bila umeme, kuanzia Desemba 2009 hadi Machi 2010, hatuhitaji kuelezwa. Nilinunua UPS, kile kifaa cha betri ya akiba, nikagundua kwamba ikianza kutumia betri huleta mvumo mwembamba kwenye maiki ya ganuni. Basi kazi yake ni kunipa nafasi ya kumaliza ubeti na kuhifadhi faili.

Tulirekodi baada ya sala ya isha, feni zimezimwa, magodoro yameegemezwa ukutani. Wimbo wa kwanza ulikubali mara ya pili. Dumbaki imeingia kwenye maiki ya udi na hakuna namna ya kuitoa, nami sijaribu tena. Maalim aliposikiliza hakusema kitu. Alivaa pete zake akaomba tuurudie wimbo wa nne. Kijana wa rika bado anagawana maiki na dumbaki. Lile tundu la mwanga liko nyuma ya kadi, na kifuniko chake cha plastiki sijakitoa.