Siku 433 za dada yangu Ujiji

Dada yangu aliondoka Marekani tarehe 12 Novemba 2022 kuja Ujiji kumuuguza mama yetu, aliyekuwa amepata kiharusi, na akarudi huko tarehe 20 Januari 2024. Alikuwa mkaazi wa kudumu wa nchi ile, mwenye kadi ambayo wengi wetu huiita grini kadi, tangu Machi 2019. Kwa hesabu yetu ya nyumbani miaka mitano ingetimia Machi 2024, naye angekuwa na haki ya kuomba uraia. Mwezi ulipofika aliomba, akakataliwa, na ada aliyolipa haikurudishwa. Ninaandika haya kwa sababu katika mkoa huu wa Kigoma familia nyingi zina mtu aliye Marekani, wakiwemo Wakongo waliopelekwa huko kutoka kambi ya Nyarugusu, na wengi wao wana mzazi huku ambaye siku moja atawahitaji.

Kosa letu lilikuwa kudhani kwamba hesabu ni moja. Jioni moja, kabla hajapokea barua ya kukataliwa, alinitumia picha za kurasa zote za pasipoti yake, nami nikakaa na kalenda ya ukutani na penseli nikihesabu mihuri. Kwa siku alizoishi ndani ya Marekani hakuwa na upungufu wowote: sheria inataka walau miezi 30 katika miaka mitano inayotangulia ombi, na yeye alikuwa na siku zaidi ya 1,300. Nilimpigia simu nikampa pongezi. Sikujua kwamba ipo hesabu nyingine isiyojali jumla ya siku, inayotazama urefu wa kila safari peke yake, nayo ndiyo iliyomwangusha.

Hesabu hiyo ni ya mwendelezo wa ukaazi. Mtu akikaa nje kwa safari moja inayozidi miezi sita lakini isiyofika mwaka, sheria inamchukulia kwamba amekatiza ukaazi wake, ila anaruhusiwa kuleta ushahidi wa kinyume: kwamba hakuacha kazi yake kule, kwamba mume au watoto wake walibaki, kwamba nyumba aliyopanga iliendelea kuwa yake, na kwamba hakuajiriwa huku alikokuwa. Akifikisha mwaka mmoja, mlango huo wa ushahidi unafungwa, hata sababu iwe nzito kiasi gani. Siku 433 ambazo dada yangu alimgeuza mama kitandani kila baada ya saa chache, akamfundisha upya kushika kijiko, na kumpeleka kliniki ya mazoezi kwa bajaji, mbele ya sheria ile ni kutokuwepo tu.

Kilichomponza hasa ni kibali cha kurejea. Kabla ya kusafiri alikiomba, kama inavyotakiwa, akiwa bado ndani ya Marekani, na kibali cha aina hiyo huweza kudumu hadi miaka miwili. Mtu aliyemjazia fomu alimhakikishia kwamba akiwa nacho hana la kuogopa, na ni kweli kwamba uwanja wa ndege alipita salama. Kibali hicho kinalinda kadi, hakilindi saa ya uraia. Ipo fomu nyingine, N-470, inayoweza kulinda mwendelezo wa mtu anayekaa nje mwaka au zaidi, lakini imewekwa kwa wanaotumwa na serikali ya Marekani, taasisi zake za utafiti, kampuni zake au shughuli za dini. Mtoto anayemuuguza mzazi hamo katika orodha hiyo, jambo ambalo mimi naliona kuwa dhuluma, ijapokuwa naelewa kwamba kila nchi ina haki ya kupanga masharti yake. Hata sheria yetu ya uraia ya mwaka 1995 inamtaka mgeni awe ameishi nchini miezi 12 mfululizo kabla ya kuomba, na jumla ya miaka saba katika kumi iliyotangulia hiyo.

Sasa anaanza upya. Mtu wa kundi lake, yaani anayetakiwa kutimiza miaka mitano, anaweza kuomba tena baada ya miaka minne na siku moja tangu arejee, yaani Januari 2028, ingawa akiomba wakati huo bado atadaiwa ushahidi kuhusu ile safari, kwa kuwa sehemu yake kubwa, ingawa haitafika mwaka, itakuwa imo ndani ya miaka mitano inayochunguzwa. Akisubiri hadi miaka minne na miezi sita, deni hilo la ushahidi linaondoka. Nimemshauri asubiri Julai 2028.

Wapo wanaomuuliza kwa nini ahangaike, hasa kwa kuwa akiwa raia wa Marekani atapoteza uraia wa Tanzania. Jibu lake ni mama. Mkaazi wa kudumu haruhusiwi kumwombea mzazi ukaazi kule. Raia aliyefikisha miaka 21 anaruhusiwa. Tena raia hafukuzwi na kalenda: angeweza kukaa Ujiji miaka miwili mfululizo bila kuulizwa kama ameitelekeza nyumba yake.

Kwa kadi aliyonayo, kila safari sasa inapimwa kabla tiketi haijakatwa, na hadhani tena kwamba kurudi Marekani wiki moja na kugeuza kunafuta kitu, kwa sababu afisa hutazama mwenendo wote na anaweza kusema kwamba makazi yake halisi ni Kigoma. Tiketi ya safari ijayo inaonyesha ataondoka kule tarehe 3 Juni na kurejea tarehe 28 Oktoba. Mama ameomba abaki hadi mwaka mpya, nami ndiye niliyeachiwa kazi ya kumweleza kwamba haiwezekani.