Bustani ya manukato Tanga: kumbukumbu ya mradi wangu, masika hadi masika

Mradi huu una sharti moja. Kila mmea unaoingia kwenye uwanja huu uwe wa kudumu, na uwe na kitu cha kuchumwa: ua, jani au tawi. Sitaki mmea wa kutazamwa tu, kwa sababu nimeona nyua nyingi zilivyochakaa. Mtu hununua miche kwenye vitalu vya barabarani, huimwagilia kwa hamu mwezi wa kwanza, kisha hakuna tena sababu ya kuisogelea. Mmea unaochumwa hauwezi kusahauliwa. Kila jioni kuna mkono unaupitia, na mkono huohuo ndio unaoona jani lililoanza kuugua.

Uwanja wenyewe uko nyuma ya nyumba, Tanga mjini, si mbali na bahari. Ardhi ni kichanga, na chini kidogo ya uso kuna mawe ya matumbawe. Ukizamisha jembe unasikia linagonga. Kuna mnazi wa zamani, kisima chenye maji ya chumvichumvi, na pipa la kukinga maji ya bati. Orodha ya mimea kwa sehemu kubwa aliitoa shangazi yangu, ambaye hufunga vikuba, yaani vifungu vidogo vya maua na majani ya kunukia, na kutunga makoja ya harusi.

"Ukipanda, mwanangu, panda vitu ambavyo watu watakuja kukubishia hodi kuviomba."

"Haya shangazi. Asumini kwanza?"

"Asumini kwanza, na mkadi. Mrehani nitakuletea mwenyewe."

Boganvilia niliiacha nje ya orodha ingawa rangi zake nazipenda. Oleanda sikuifikiria kabisa: kila sehemu yake ina sumu, na kwetu watoto hawapiti kwenye ua bila kulichuma.

Kabla ya masika: upepo na maji

Kabla ya kununua mche wowote nilichora uwanja kwenye daftari na kuandika upepo unaingilia wapi. Pwani yetu ina pepo mbili, na kila mmoja una tabia yake. Kusi huanza kushika wakati wa masika na kuendelea mpaka Septemba hivi. Ndio mkali, na hurusha chumvi ya bahari mpaka kwenye majani. Kaskazi huja mwishoni mwa mwaka mpaka Machi, na shida yake ni joto na ukavu zaidi kuliko nguvu. Mmea wa kudumu utaishi na pepo zote mbili miaka yote, kwa hiyo mahali pake huchaguliwa kwanza, uzuri wake baadaye.

Maji niliyagawa vivyo hivyo. Ya pipa ni matamu lakini hayatoshi, ya kisima yapo siku zote lakini yana chumvi. Mhina na mkadi huvumilia chumvi, basi hao ni wa kisima. Asumini, mwaridi na mlangilangi hunywa ya pipa kadiri yanavyopatikana. Yakiisha na ikabidi kutumia ya kisima, namwaga mengi kwa mara moja ili yapite mpaka chini, kisha nakaa siku kadhaa bila kurudia. Kunyunyiza kidogo kidogo kila siku huacha chumvi ikijikusanya juu, palepale penye mizizi laini.

Masika: kupanda

Mvua ya Machi ilipolowesha ardhi vizuri nikaanza na mkadi, upande unaopigwa na kusi. Huu ni mmea wa ufukweni kwa asili yake. Majani yake marefu yenye miiba ukingoni hayajali upepo wala chumvi, na ukishakua unawakinga wenzake. Jambo la kuzingatia kwa mkadi ni kwamba kuna dume na jike kwenye mimea tofauti, na harufu inayotafutwa iko kwenye ua la dume. Mche mdogo huwezi kuujua ni upi. Njia ya uhakika ni kuchukua chipukizi la pembeni kutoka kwenye mkadi ambao tayari umeshatoa kadi, yaani ua lake, yenye kunukia, kwa sababu chipukizi hufuata mama yake. Shangazi alijua nyumba yenye mkadi wa namna hiyo, tukaenda kuomba, tukapewa machipukizi yenye mizizi yake. Hapa ni subira: mkadi huchukua miaka kabla ya kutoa ua, nami nimeupanda nikilijua hilo.

Asumini nilizipata kwa kuzamisha matawi. Ukiwa na jirani mwenye kichaka kizuri, huna haja ya kununua. Unainamisha tawi refu ambalo halijakuwa gumu sana, unakwaruza ganda lake kidogo chini ya kifundo, unalifukia kwenye udongo wenye mboji na kuweka jiwe juu lisiinuke. Linaendelea kulishwa na mama yake huku likitoa mizizi yake. Mizizi ikishika unalikata na kuhama nalo. Nimechagua asumini ya maua mazito, ile yenye petali nyingi, kwa ajili ya vikuba, na ile ya petali chache kwa ajili ya kutunga koja, maana hiyo hupita vizuri kwenye uzi.

Mashimo ya asumini niliyachimba mapana kuliko marefu, kwa sababu ya matumbawe. Nikajaza mboji, samadi ya mbuzi iliyooza sawasawa na kichanga chenyewe. Majivu sikutia hata kiganja. Watu wengi hutupa majivu ya jikoni bustanini wakiamini ni mbolea, na kweli kuna ardhi yanayoifaa, lakini ardhi ya matumbawe tayari imejaa chokaa, na majivu huongeza kilekile kilichozidi.

Mhina nilipanda mstari mzima upande wa barabara uwe ua. Mlangilangi mmoja tu, nyuma ya ukuta wa jiko ambako kusi haifiki moja kwa moja. Mchaichai karibu na mlango, mahali ambapo mtu anaweza kutoka na kukata huku maji yanachemka. Shubiri zimewekwa kwenye kona kavu kabisa na hazihitaji maelezo zaidi: usizimwagilie sana, basi.

Kusi: mlangilangi wakua upesi

Miezi hii kazi kubwa ilikuwa matandazo. Kichanga hakishiki maji, na jua la hapa likipiga udongo mtupu, mizizi ya juu inaungua. Nimetumia makumbi ya nazi, upande wa nyuzi ukiangalia juu, pamoja na majani makavu. Makumbi yanaachwa mbali kidogo na shina, kwa sababu mchwa hupenda kujificha humo, na unyevunyevu ukigusa ganda muda wote ganda linaoza.

Mlangilangi ulikwenda juu kwa kasi iliyonishangaza. Ukiachwa ni mti mkubwa, unapita mita 10 bila shida, na mbao zake ni dhaifu. Siku moja ya upepo ulivunjika tawi la upande ingawa ukuta ulikuwepo. Hapa nimefuata wanavyofanya wakulima wa Komoro, ambako mafuta ya langilangi ni zao kubwa la kuuza nje. Kule hawauachi uwe mti. Hukata kilele ukiwa bado mfupi na kuyalazimisha matawi kukua kwa upana na kuinama, ili mchumaji ayafikie akiwa amesimama chini. Nami nimekata kilele na kufunga matawi kwa kamba laini kwenye vigingi. Ua lake huanza likiwa la kijani na harufu hafifu, likikomaa hugeuka manjano na kuwa na wekundu kidogo ndani, chini ya petali. Huchumwa alfajiri, kabla jua halijapandisha harufu yote hewani. Wangu bado haujatoa ua, nautengeneza umbo tu.

Mrehani alioleta shangazi ulishika haraka. Huu ndio mmea pekee uwanjani ambao udumu wake unategemea mkono wako kabisa. Ukiuacha utoe maua na mbegu, unaona kazi yake imekwisha na unakauka. Ukichuma vichwa kila vinapotaka kutoa ua, unatawanya matawi mapya na kuendelea kuishi. Vichwa hivyo ndivyo vinavyohitajika kwenye kikuba, kwa hiyo shangazi akija kuchuma ananifanyia kazi ya bustani. Pamoja na hayo, vipandikizi viwili vitatu nimeviweka kwenye glasi ya maji dirishani. Hutoa mizizi upesi na kuwa akiba. Kando yake nimeweka kivumbasi, ambacho ni kigumu zaidi na hugeuka kichaka. Matawi yake tunayaning'iniza karibu na dirisha jioni kwa ajili ya mbu.

Vuli: majani ya manjano

Asumini mbili zilizo karibu na ukuta zilianza kugeuka manjano. Si manjano ya jani zee linaloanguka kutoka chini: haya yalikuwa majani machanga ya juu, manjano huku mishipa ikibaki kijani. Dalili hiyo inasema mmea umekosa chuma. Chuma kipo ardhini, ila kwenye udongo wenye chokaa nyingi hufungika na mizizi haiwezi kukinyonya. Karibu na ukuta chokaa huzidi, kwa sababu saruji ya ujenzi hudondoka na kubaki pale. Nimeondoa tabaka la juu, nikaweka mboji nyingi, nikawa nazinywesha maji ya mvua peke yake. Majani yaliyokwisha kugeuka hayarudi, lakini yaliyofuata yametoka na kijani chake. Mwaridi nao ulionyesha dalili kidogo, nikaufanyia hivyohivyo.

Kuhusu mwaridi niseme wazi ninavyoona. Mawaridi makubwa ya mabua marefu yanayolimwa kwenye mabanda ya Naivasha hukua mahali penye mwinuko wa zaidi ya mita 1,800, na usiku wa baridi. Kuyaleta kwenye joto na unyevu wa Tanga ni kuyatesa. Madoa meusi huyamaliza majani. Nimechagua mwaridi wa waridi dogo la rangi ya waridi lililozoeleka kwenye nyua za hapa pwani, unaokubali kipandikizi, wenye ua lisilojaza mkono lakini linukialo kweli. Kwa kikuba hicho ndicho kinachotakiwa.

Vidung'ata vilionekana kwenye vifundo vya asumini, vyeupe kama pamba. Nimevisugua kwa kitambaa na maji ya sabuni ya mche, na pale palipozidi nikanyunyiza maji ya mbegu za mwarobaini zilizotwangwa na kulowekwa usiku kucha. Jioni, siyo mchana, jani lisiungue. Kwenye mnazi kuna viota vya maji moto, wale chungu wekundu wanaouma, na fundi aliyekuja kutengeneza bati alinishauri nivichome. Nimekataa. Chungu hawa huwafukuza kunguni wa minazi, wadudu wanaoharibu nazi changa, na wakulima wa minazi na mikorosho wanawathamini kwa hilo. Upande mwingine ni kweli kwamba huwalinda vidung'ata kwa ajili ya maji matamu wanayotoa. Basi nimekata matawi ya asumini yaliyogusana na mnazi, wakae na mnazi wao.

Kaskazi: kuchuma

Joto la Januari limeileta asumini. Huchumwa alasiri, tumba likiwa jeupe na limevimba lakini halijafunguka. Likifika magharibi linafunguka lenyewe, likiwa tayari kwenye koja au juu ya kitanda. Ukichuma lililofunguka, harufu imeshaondoka nusu.

Wimbi la kwanza la maua lilipokwisha nilichukua mkasi na kukata kila kichaka karibu theluthi moja. Jirani aliniangalia kwa huruma. Lakini asumini hutoa maua kwenye matawi mapya. Usipokata, unabaki na kamba ndefu zilizo tupu chini na majani juu. Baada ya kukata, samadi kidogo na maji ya kutosha, na sasa machipukizi yamejaa.

Mhina ulipata maji machache na haukulalamika. Tulisubiri jua kali liyakomaze majani kabla ya kukata, kwa kuwa hina ya majani hayo hukoza. Tumekausha kivulini, siyo juani, kisha tumetwanga na kuchekecha. Maua yake madogo yana harufu ambayo wengi hawaijui kwa sababu ua wa mhina hukatwa kabla haujachanua. Mashina mawili ya mwisho nimeyaacha yachanue.

Masika ya pili: sasa

Mvua imeanza. Mchaichai umekuwa kichaka kikubwa na katikati umeanza kukauka, kwa hiyo nimeung'oa wote, nikatupa katikati, na kugawa mashina ya pembeni yenye mizizi. Majani nimeyapunguza yabaki urefu wa kiganja ili mmea usipoteze maji kabla haujashika. Yaliyozidi yamekwenda kwa majirani watatu, na mmoja amelipa kwa samadi.

Mkadi una machipukizi mapya lakini kadi bado. Mlangilangi umetanuka vizuri na nimelegeza kamba zilizoanza kukaza ganda. Wiki hii nakata vipandikizi vya mhina kuziba mapengo ya ua: vipande vya tawi lililokomaa, mkato wa chini chini ya kifundo, majani yote yatolewe isipokuwa ya juu kabisa, na vipandwe vikiwa vimelala kidogo. Shangazi ameagiza matumba ya asumini kwa harusi ya mwezi ujao, kwa hiyo mkasi hautagusa asumini mpaka harusi ipite.