Yule dada wa ndani ya gari

Magari mengi yanayotoka Japani, ukiwasha tu, kuna dada anaongea kwa adabu zote. Wateja hapa gereji kwangu Ilala walikuwa wakiniuliza anasema nini, nami najibu, "Anakukumbusha mkanda." Uongo mtupu. Anasema "ETC kaado ga sonyu sarete imasen": kadi ya kulipia barabara haijachomekwa. Barabara zenyewe ziko kwao huko.

Aibu ya uongo ule ndiyo iliyonikalisha chini na daftari, nijifunze Kijapani. Kutamka hakukunitesa. Irabu zao ni a, e, i, o, u zilezile zetu, na neno la kukopa nao hulitia irabu mwishoni: basi ni "basu", hoteli ni "hoteru", breki ni "bureeki". Hata kuhesabu, ambako nasikia Wazungu wengi hulia, sikuona ajabu. Gari moja ni "ichidai", waya mmoja, kwa kuwa ni kitu kirefu, ni "ippon", karatasi moja "ichimai". Mtu aliyekua na mti mmoja, kiti kimoja, gari moja, atashtuka nini?

Macho ndiyo yaliyoipata. Kwenye katakana, herufi za maneno ya kigeni, ン ni "n" na ソ ni "so". Ziangalie vizuri. Ule mkia mrefu, kwenye "n" unachorwa kwenda juu, kwenye "so" unashuka. Basi. Wiki nzima nilisoma エンジン "esojiso", nikawa natafuta ni kifaa gani hicho ambacho sijawahi kukifungua. Kumbe injini. Fundi mzima!

Juzi mama mmoja kaleta gari alilonunua mwezi uliopita. Pembeni ya mlango kuna stika imeandikwa オイル交換, kumwaga oili. Chini yake 27.6.14. Zamani ningesema tarehe 27. Sasa najua ni mwaka wa 27 wa Heisei, enzi iliyoanza 1989, kwa hiyo 2015. Na chini zaidi: kilomita 98,400.

Nikachungulia dashibodi. 61,000 na ushee.

"Fundi, hapo pameandikwaje?"

Nikafuta mikono, taratibu, kidole kimoja kimoja. Yule dada bado anadai kadi yake.

"Mama, hebu zima gari kwanza."