Dude limewaka!

Land Cruiser 80 yangu imewaka leo, wadau! Injini ni 1HD-T, dizeli ya lita 4.2, silinda sita, yenye tabo (kifaa kinachosukuma hewa zaidi ndani ya injini) tangu kiwandani. Tuliishusha yote. Wengi hukimbilia kuongeza presha ya tabo kwanza. Mimi nikamwambia fundi tuanzie chini, kwenye beringi za konrodi (fito zinazounganisha pistoni na kranki, yaani shafti kuu ya injini). Kwenye injini hii hizo unabadilisha hata kama haigongi, maana ukisubiri igonge, kranki nayo huenda imeshaguswa.

Juu nimefunga tabo kubwa kidogo, na intakula mbele ya rejeta. Hewa ikibanwa hupata joto, na hewa ya moto hubeba oksijeni kidogo, kwa hiyo intakula inaipoza kabla haijaingia kwenye silinda. Baada ya hapo ndipo pampu ya dizeli ikaongezwa. Kidogo tu! Dizeli ikizidi hewa unapata moshi mweusi, na joto la ekzosi linaweza kupanda hadi pistoni ziyeyuke. Ndiyo maana geji ya joto la ekzosi nimeiweka kabla ya tabo. Ukiiweka baada yake inasoma chini kuliko hali halisi.

Springi na breki ni mpya, basi. Rangi itasubiri, na wanaocheka kutu ya mlangoni waendelee tu kucheka.

Mlimani sasa sishuki gia ovyo kama zamani. Na ule mluzi wa tabo, jamani! Kinachofuata ni difu ya nyuma (gia zinazogawa nguvu kwa magurudumu), inavuja oili.