Baba alipopata mshtuko wa moyo: tulivyoamua siku ya upasuaji

Picha ya mishipa ya moyo wa baba ilionyesha mishipa yote mitatu mikubwa imebana. Mmoja ulibakiza njia nyembamba mno, na huo ndio uliomletea mshtuko wa moyo. Kwa kuwa ana kisukari, madaktari wa Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete pale Muhimbili walitueleza kuwa kupandikiza mishipa, yaani kuunganisha mishipa mingine ya mwili ili damu ipite kando ya palipobana, kungemfaa kuliko kuweka stenti, kile kijibomba cha kuutanua mshipa kwa ndani. Hilo hatukubishana. Tulichobishana ni siku. Ami alitaka apasuliwe usiku uleule. Shangazi alitaka tumrudishe nyumbani, apate nguvu miezi miwili mitatu kwanza.

Nikamuuliza daktari wa upasuaji swali moja: "Daktari, ni kitu gani kingekufanya umpasue leo?" Majibu yake yalinisaidia kuliko maelezo yote mengine. Maumivu ya kifua yasiyotulia kwa dawa. Presha kuporomoka kwa sababu moyo umeshindwa kusukuma damu. Au moyo kuchanika ndani: ukuta unaotenganisha vyumba vya chini kutoboka, au msuli unaoshikilia vali kukatika. Hayo hayasubiri.

Baba hakuwa na hata kimoja. Msuli uliojeruhiwa, akasema, siku za mwanzo bado umevimba na ni dhaifu, na kuusimamisha wakati huo, huku mashine ikifanya kazi ya moyo na mapafu, ni kuuongezea jeraha. Mshtuko ukiwa umekula unene wote wa ukuta wa moyo, wengi husubiri angalau siku 3, mara nyingi hata wiki, mradi mgonjwa ametulia. Wa baba ulikuwa mdogo zaidi, kwa hiyo angeweza kuwahi. Lakini kumpeleka nyumbani na mishipa ile, hapana, mshtuko wa pili ungeweza kumkuta huko. Shangazi alisikia mwenyewe, akakubali.

Kilichobaki kutuchelewesha kilikuwa dawa. Hospitali ya kwanza, kule mkoani, walimpa aspirini na klopidogreli, dawa za kuzuia damu isigande. Aspirini huendelea hadi upasuaji, ila klopidogreli huachwa siku 5 kabla, la sivyo damu haigandi vizuri. Karatasi ya rufaa haikuonyesha kidonge cha mwisho alikimeza lini. Nikapiga simu mpaka nikampata muuguzi wa zamu ile, akanisomea faili. Anayemhamisha mgonjwa wake na aichukue taarifa hiyo kabla gari halijaondoka: jina la dawa, kipimo, saa.

Kazi ngumu ilikuwa baba mwenyewe. Ni mzee wa kukwambia "si kitu, mwanangu" hata akiwa anaumia. Nilikaa naye nikamweleza kwamba safari hii maumivu yake ndiyo yatakayompangia daktari tarehe, kwa hiyo akisikia kifua kinabana, hata kidogo, hata usiku wa manane, amwite muuguzi. Aliahidi. Binamu zangu nao wakaenda kuchangia damu.

Usiku mmoja kifua kikabana, naye akaita. Wakampima umeme wa moyo, wakamwekea dripu ya dawa ya kutanua mishipa, maumivu yakapoa. Asubuhi daktari akamsogeza mbele kwenye orodha, ingawa zile siku 5 zilikuwa hazijatimia. Alisema wazi: atavuja damu zaidi, lakini mshtuko mwingine ni hatari kubwa kuliko huko kuvuja. Tukatia sahihi.

Walitumia mshipa wa ndani ya kifua kwa ule wa mbele ya moyo, na mishipa ya mguu kwa hiyo mingine. Alivuja kweli usiku wa kwanza, akaongezewa damu na chembe sahani, zile zinazosaidia damu kuganda, kufikia asubuhi mirija ya kifua ikawa inatoa kidogo tu. Sasa anatembea hadi msikitini, polepole, na kidonda cha mguu ndicho kinachomsumbua kuliko cha kifua.