Alama Zilezile, Foleni Tofauti

Kwa muda mrefu niliamini kwamba mgonjwa anayesubiri ini nchini Marekani hushindana na maradhi yake tu, hadi nilipoelewa kuwa alishindana na ramani pia. Tangu 2002, nafasi ya mtu mzima kwenye orodha ya kusubiri hutegemea alama za MELD, yaani kipimo cha ukali wa ugonjwa wa ini, kuanzia 6 hadi 40, zinazokokotolewa kwa vipimo vya damu kama bilirubini na kreatinini, ili aliye karibu zaidi na kifo atangulie. Hesabu hiyo haiulizi mtu anaishi wapi. Hata hivyo, kwa miaka mingi ini la marehemu liligawiwa kwanza ndani ya eneo la shirika la kukusanya viungo lililolipokea, na kwa kuwa maeneo hayo 58 hayakulingana kwa idadi ya watoaji wala ya wagonjwa, mtu wa California au New York alilazimika kudhoofika mno kabla zamu yake haijafika, ilhali kwingineko mwenye alama za chini alikwisha kupandikizwa.

Steve Jobs, mwanzilishi mwenza wa kampuni ya Apple na mkazi wa California, alipandikizwa ini mjini Memphis, Tennessee, mwaka 2009. Hakuvunja kanuni yoyote, kwa kuwa mgonjwa anaruhusiwa kujiandikisha katika vituo kadhaa, mradi vimkubali na aweze kuwahi anapoitwa. Ruhusa ni ya wote. Ndege si ya wote.

Mwaka 2020 mipaka hiyo iliondolewa, na umbali ukaanza kupimwa kwa duara za maili za baharini 150, 250 na 500 kutoka hospitali aliko mtoaji. Umbali wenyewe haungeweza kupuuzwa, kwani kiungo kilichohifadhiwa kwenye barafu huharibika kadiri saa zinavyopita, moyo ukiharibika upesi kuliko ini, na ini upesi kuliko figo.

Baadhi ya hospitali za kusini na za kati mwa nchi zilipinga mabadiliko hayo mahakamani. Naona duara ni haki kuliko mipaka ya zamani, lakini siwezi kubeza hoja kwamba wagonjwa wengi wa vijijini hufa kabla ya kuandikishwa, kwa kukosa daktari wa kuwapa rufaa, bima, nauli ya kwenda kupimwa, au ndugu wa kuwauguza karibu na kituo baada ya upasuaji. Hao hawamo kwenye orodha, hivyo hakuna duara linalowafikia.